Alama Alizozikata Shangazi

Ukimwuliza mwalimu wetu wa kemia kama mvua itanyesha, atachungulia dirishani, atakunja midomo, kisha atakujibu, "Asilimia arobaini." Ukimwuliza kama mkutano wa walimu utaisha mapema, hatachungulia popote. "Tatu," atasema, na ataendelea na kazi yake. Siku mwalimu wa michezo alipomwonyesha picha ya mchumba wake, sote tukingoja aseme hongera, aliishika picha ile kwa mbali kama mtu asiyeona vizuri, akasema, "Sitini na tano, ukiacha kuchelewa." Mwalimu wa michezo aliacha kuchelewa na sasa ni baba wa mapacha. Shule nzima humwita Mama Asilimia, wanafunzi wakiwa nyuma ya mgongo wake, mimi nikiwa mbele ya uso wake.

Mimi ninafundisha jiografia, naye huniita Bwana Ramani. Tunatumia chumba kimoja nyuma ya maabara, chumba kilichokuwa stoo kabla yetu na ambacho bado hakijakubali kuwa ofisi. Kuna sinki linalodondosha maji mwaka mzima, kuna kabati la chupa ambazo sizisogelei, na kuna feni inayogeuza shingo lakini ikifika upande wangu hukumbuka shughuli nyingine na kurudi kwake. Chini ya meza zetu mbili zinazotazamana palikuwa na sanduku kubwa la kahawia lililofunikwa kwa koti kuukuu la maabara.

"Lina vyombo vya kioo," aliniambia siku alipolileta. "Ukilipiga teke, utalipa."

Sikulipiga teke. Nililiwekea miguu, kwa sababu sakafu ya chumba kile ni baridi na mimi si kijana. Miaka yote niliyoliwekea miguu halikutoa hata mlio mmoja wa kioo, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelishuku. Lakini mimi ni mtu wa mito na milima, mambo ya masanduku hayanihusu.

Kazi iliyompa jina ni ile ya ushauri. Kila Alhamisi baada ya vipindi, wanafunzi wa mwaka wa mwisho hupanga foleni mlangoni petu kuuliza kitu kimoja: mwalimu, nina nafasi gani ya kupata ufadhili wa chuo kwa alama zangu? Si ule wa kuonewa huruma. Ule wanaopewa wenye vichwa. Wengine huingia wakiwa wamevimba kama hamira na kutoka wamenywea. Wengine huingia wanatetemeka na kutoka wakiruka. Yeye hawabembelezi, wala hawakatishi tamaa. Anawapima tu.

Mwaka uliopita aliingia kaka mkuu, kijana wa kwanza darasani tangu alipoanza kushika kalamu, akataka ufadhili wa chuo kile chenye jina, ambacho watu wakikitaja huweka mkono kifuani.

"Hapa wewe ni wa kwanza," Mama Asilimia alimwambia. "Kule kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Utakuwa punje ya mchele kwenye gunia la mchele. Nani atainama akuokote?"

"Kwa hiyo sina nafasi, mwalimu?"

"Ya kuingia unayo. Ya kulipiwa, asilimia nne. Mwanangu, penye miti hapana wajenzi, umeshawahi kuusikia msemo huo? Kuna vyuo vina pesa za ufadhili na vinalia kila mwaka havipati vijana wa hesabu. Huko ndiko kwenye miti yako. Twende tukaitafute."

Waliitafuta wakaipata. Kijana yuko huko hadi leo, analipiwa mpaka chakula, na amenenepa.

Ndiyo maana nilishangaa yaliyotokea Alhamisi ile alipoingia Mchwa. Mchwa ni mtoto wa kaka yake Mama Asilimia. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi anavyotafuna vitabu, na mwenyewe alilipenda akaliandika kwenye mkoba wake. Baba yake ni fundi wa majokofu, mtu mwema, ambaye karakana yake iko mbali na shule, kwa hiyo Mchwa alikuwa akiishi kwa shangazi yake tangu alipoanza sekondari. Walikuwa wanakula meza moja, wanatembea njia moja kuja shule, na shangazi ndiye aliyemfundisha kemia miaka yote.

Mchwa alikaa kwenye kiti cha wanaopimwa, akakunja mikono mapajani. "Shangazi, nimekuja zamu yangu."

Mama Asilimia aliinua macho, akayashusha, akainuka. "Mpime wewe, Bwana Ramani."

"Mimi? Mimi nitampima urefu kutoka usawa wa bahari?"

"Mganga hajigangi. Huyu nimemsuka nywele, nimemshika mkono kuvuka barabara. Nikimtazama naona macho ya kaka yangu. Nitampima kwa mizani gani? Mpime wewe, na usimwonee haya." Akachukua ndoo ya kuoshea vyombo vya maabara akatoka nayo, ikiwa tupu.

Basi nikampima. Mchwa alitaka ufamasia, na chuo cha ufamasia alichokitaja kilikuwa hasa kile ambacho shangazi yake angemchagulia: kizuri, hakina makelele, na kina ufadhili kamili kwa wachache kila mwaka. Sharti lao lilikuwa wazi, tisini au zaidi katika kemia, na masomo mengine yasiwe nyuma sana. Bila ufadhili huo Mchwa angekwenda kushika bisibisi kwenye karakana ya baba yake mpaka pesa zipatikane, na sote tulijua kwamba pesa hizo hazikuwa na njia ya kupatikana.

Hesabu, tisini na tano. Baiolojia, tisini na tatu. Jiografia, tisini na moja, na sikumpa bure, alizitolea jasho. Kemia, mwaka wa kwanza, sabini na nane. Mwaka wa pili, sabini na tisa. Mwaka wa tatu, sabini na nane tena.

Nikavua miwani. Huyu ndiye msichana aliyewashinda wanafunzi wa shule zote za jirani kwenye mashindano ya kemia, mpaka waandaaji wakamwomba abaki awaeleze wengine alivyolitatua swali la mwisho.

"Mchwa," nikasema, "kemia ina nini?"

"Haina kitu, mwalimu."

"Mbona alama hizi?"

Alitazama mlango, akatazama sinki. Mtoto aliyelelewa vizuri hujui anachokifikiri mpaka apende mwenyewe. "Shangazi ni makini," akasema.

Makini! Nilicheka kwa hasira, kama kuna kicheko cha namna hiyo. Maana sote katika chumba cha walimu tulijua jinsi Mama Asilimia alivyokuwa na mkono wa birika kwenye karatasi za mtoto yule. Tuliifanya mzaha. Jibu sahihi lisilopigwa mstari chini, anakata. Mshale wa mlinganyo umepinda, anakata. Mwaka mmoja alimkata kwa kuandika "maji" bila kueleza kwamba ni safi. Tulicheka, tukanywa chai, tukaenda zetu. Hakuna aliyewaza kwamba ipo siku alama hizo zingeulizwa na watu wasiokuwepo kwenye mzaha.

Aliporudi na ndoo yake nilimwambia bila kuzunguka. "Asilimia kumi."

"Kumi?" Ndoo ilimtoka mkononi. "Mchwa? Umehesabu kwa vidole vya miguu?"

"Nimehesabu kwa kalamu yako. Tazama kemia."

Alitazama. Mchwa alikuwa ameondoka, na nashukuru, kwa sababu hadi siku ile sikuwa nimewahi kumwona mwanamke yule akikosa tarakimu. Alikaa. Alisema kwamba wiki ya kwanza tu mtoto alipoingia darasani kwake, aliwasikia wazazi getini wakinong'ona kuwa damu nzito kuliko maji, subirini muone alama za huyo. Akaapa hatampa mtu yeyote mdomo wa kusema. Kila alipoona karatasi ya Mchwa alihisi kama wazazi wale wamesimama nyuma ya kiti chake. Basi akawa anatafuta kosa, na mtu akitafuta kosa kwa bidii hulipata.

"Nilijipalia makaa," akasema. "Tena si mimi. Nimempalia mtoto." Akaanza kulia, akajifuta machozi kwa upindo wa koti lake la maabara, na koti lile lilikuwa na dawa ya zile chupa za kabatini, kwa sababu mara moja aliruka akakimbilia sinki akipiga mayowe. Nikamfungulia maji. Alilia kwa sababu mbili kwa wakati mmoja, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akaanza kucheka, uso ukiwa chini ya bomba.

Kesho yake tulikwenda kwa mkuu wa shule. Mkuu wetu hucheka kwanza, halafu ndipo hujibu, ili usijue jibu linatoka upande gani.

"Unataka kumwongezea alama mtoto wa kaka yako," alisema baada ya kucheka, "wiki hii, anapoomba ufadhili. Na wale wazazi wa getini utawaambia nini?"

Kile Mama Asilimia alichokikimbia miaka yote kilikuwa kimemzunguka kikamngoja mlangoni.

"Usiziguse alama," mkuu akasema. "Tuwapigie chuo tuwaambie ukweli ulivyo."

Akapiga simu hapohapo, sauti ikiwa wazi. Yule mama wa upande wa pili alisikiliza habari yote ya shangazi na kalamu yake, kisha akauliza, "Na huyo mwalimu yupo hapo?"

"Nipo," Mama Asilimia alijibu kama mwanafunzi.

"Pole, dada. Mimi nilifundishwa na baba yangu mzazi." Wakakubaliana: mtihani wa mwisho wa kemia, ambao ni mmoja kwa shule zote za jirani, usahihishwe na mwalimu wa shule nyingine, karatasi iwe na namba badala ya jina, na alama hiyo ndiyo watakayoitazama. Akipata tisini, ataingia kwenye kundi la wanaofikiriwa. Asipopata, hawana la kufanya.

Baada ya simu ile nilimpandisha Mchwa hadi asilimia sabini za kupata ufadhili. Nilimshusha tena wiki hiyohiyo, nilipomsimamia jaribio la mazoezi. Muda ulipokwisha, swali la mwisho lilikuwa halijaguswa.

"Umelala?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nikieleza, mwalimu."

Nikasoma. Kwenye swali la kwanza, lililotaka jibu la mstari mmoja, alikuwa amejaza nusu ukurasa: joto la chumba lichukuliwe kuwa la kawaida, chombo kichukuliwe kuwa kikavu, maji yachukuliwe kuwa safi. Kila jibu lilikuwa na mistari miwili chini yake, imepigwa kwa rula. Alikuwa amejenga ua kuzunguka kila jibu ili shangazi yake asipate pa kuingilia.

Mama Asilimia alipoiona karatasi ile hakulia tena. Aliivalia njuga. Jioni zile zote niliwakuta wamebaki maabara, Mchwa akiandika na shangazi amemsimamia na saa mkononi, akifanya kazi ambayo hakuwahi kuidhania: kumfundisha mtoto kuandika kidogo.

"Basi! Limetosha hilo. Nenda mbele."

"Sijasema kama chombo ni kikavu."

"Ni kikavu! Nani ataweka chombo chenye maji? Nenda mbele!"

"Na kipimo?"

"Kipimo weka. Mstari acha."

Mchwa alisimamisha kalamu. "Mstari niache, shangazi?" Alisema kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila viatu.

"Acha mstari, mwanangu. Rula ile inakula dakika zako. Jibu likiwa sahihi linajionyesha lenyewe."

Baba yake, yule fundi wa majokofu, alipita siku moja kuwaona. Alikuwa bado anaota chuo kile chenye jina. "Mwalimu," aliniuliza pembeni, "mtoto mwenye kichwa kama huyu, kwa nini tusimpeleke kule kwa wakubwa?" Nikamwambia kwamba kule angeingia lakini asingelipiwa, na huku, akipata tisini zake, wangemgombania. Alifikiri, akajikuna kidevu kwa bisibisi. "Kumbe ni kama jokofu," akasema. "La bei kubwa haligandishi barafu nyingi zaidi." Sikuwa na uhakika kwamba ni hivyo, ila nilikubali.

Mtihani ukafanyika. Karatasi zikaenda shule ya pili, na mwalimu wa kemia wa huko, bwana mnene mwenye suspenda za kushikilia suruali mabegani, akazileta mwenyewe zilipokwisha kusahihishwa. Mama Asilimia alikuwa ameacha kula tangu asubuhi. Mchwa alisimama kando ya kabati. Mimi nilikuwa na miguu yangu juu ya sanduku, na moyo wangu sijui ulikuwa juu ya nini.

Bwana wa suspenda alitoa karatasi yenye namba ya Mchwa, akaiweka mezani. Tisini na moja.

Nilipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika. Mchwa alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Lakini Mama Asilimia hakushangilia. Aliichukua karatasi, akaanza kuigeuza, ukurasa baada ya ukurasa, na nyusi zake zikaanza kukutana.

"Hapa umekata kwa nini?" akauliza.

"Wapi?"

"Hapa. Jibu ni sahihi. Kipimo kipo. Umekata nusu alama. Na hapa tena nusu. Na hapa!"

"Aa, hizo," yule bwana alisema kwa utulivu. "Hakupiga mstari chini ya jibu."

"Mstari!" Mama Asilimia alisimama. "Mtoto amefanya kazi yote hii, unamkata kwa mstari? Kwani mstari ni kemia? Ni roho gani hiyo, ndugu yangu? Mtu mzima mwenye watoto wake anakaa na kalamu nyekundu kutafuta mstari! Angepata themanini na tisa na nusu, je? Ungelalaje usiku?"

Msemo wa nyani asiyeona kundule ulinijia hadi kwenye ncha ya ulimi. Niliumeza, nikamtazama Mchwa. Mabega ya Mchwa yalikuwa yakitikisika nyuma ya mikono yake.

Yule bwana alizivuta suspenda zake. "Lakini, dada," akasema pole pole, "mimi nilijifunza kwako. Si wewe uliyetufundisha kwenye ile semina ya usahihishaji? Ulituambia jibu lisilopigwa mstari ni nyumba isiyo na mlango. Tangu siku ile nakata."

Kisha Mchwa alishindwa, akapasuka kwa kicheko, nami nikafuata, na bwana wa suspenda akacheka bila kujua anacheka nini. Mama Asilimia alikaa. Aliilaza karatasi mapajani, akaipapasa ile mikato midogo myekundu kwa kidole. Hakucheka.

"Inauma hivi?" akamwuliza Mchwa.

Mchwa aliacha kucheka. "Ilikuwa inauma mwanzoni, shangazi. Baadaye nikazoea."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilishakusamehe mwaka wa kwanza. Ningekaaje nawe meza moja?"

Bwana wa suspenda alijikohoza, akauliza kama chai imebaki.

Simu ya chuo ilikuja wiki kadhaa baadaye. Mkuu alikuja mwenyewe mpaka chumbani kwetu, akasimama mlangoni akicheka, na kwa kuwa hucheka kila mara, tulibaki tumekodoa macho mpaka alipomaliza. "Wamemchukua," akasema. "Ada, malazi, vitabu, kila kitu." Mchwa alimrukia shangazi yake shingoni, feni ikawapepea wote wawili, na mimi nikageukia dirisha kwa shughuli za macho yangu.

Walipotulia, Mchwa alikaa kwenye kile kiti cha wanaopimwa. "Shangazi, sasa niambie. Bwana Ramani alinipa kumi, akanipa sabini, sijui akanishusha hadi wapi."

"Hamsini na tano," nikasema.

"Wewe hukunipa kitu. Ungenipa ngapi?"

Mama Asilimia alinitazama. "Toa miguu," akasema.

Nikaitoa. Aliinama akalivuta lile sanduku la kahawia, akaliondolea koti kuukuu, akafungua vifungo vyake. Halikuwa na vyombo vya kioo. Halikuwa na kitu chochote, bitana yake mpya kabisa, na kwenye mshikio bado ilining'inia karatasi ya bei ya dukani. Lilikuwa sanduku la safari.

"Nililinunua la kwendea chuoni, wiki uliyoingia darasani kwangu," alimwambia Mchwa. "Wiki ileile ya maneno ya getini. Nikaona nyumbani utaliona, nikalileta huku."

Mchwa alipitisha mkono ndani ya sanduku, pembe hadi pembe. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amekosa la kueleza.

Mimi nilikuwa nikitazama juu ya kifuniko, mahali visigino vyangu vilipokaa miaka yote ile vikatoboa koti na kuacha mabaka mawili makubwa ya vumbi na rangi ya viatu. Nikaenda kwenye sinki, nikalowesha kitambaa cha ubao, nikapiga magoti nikaanza kusugua.

"Sugua vizuri," Mama Asilimia akasema, huku akijifuta macho, safari hii kwa leso. "Pembeni hapo bado."

Na kweli, pembeni bado palikuwa na baka.